Veranda Niliyoikata

Nililelewa katika safu ya nyumba nane za mawe, Thika, upande wa viwandani. Kiwanda kimoja cha nguo kilizijenga kwa ajili ya wafanyakazi wake kabla ya uhuru, na baba yangu alipotoka magharibi kuja kutafuta kazi alipewa nyumba ya tatu. Vyumba viwili na jiko, basi. Lakini aliyezichora alikuwa mtu wa kufikiri. Kuta zilikuwa za mawe ya kuchonga, paa lilikuwa moja, la vigae vyekundu, lililofunika nyumba zote nane, na mbele, chini ya paa hilo hilo, ilipita veranda moja ndefu isiyokatika. Mvua ikinyesha ungeweza kutoka nyumba ya kwanza hadi ya nane bila kulowa unyayo.

Kila Desemba tuliipaka sakafu yake rangi nyekundu na kuisugua kwa gunia hadi ikawa hatari kwa mtu mwenye soksi. Hapo ndipo maharagwe yalichaguliwa mawe, watoto wakasukwa nywele, na kukitokea kilio waombolezaji wakaketi. Sisi Waluhya, Wakikuyu na Wakamba tuliosukumwa pamoja na kazi tulijuana kwa sababu huwezi kupita mbele ya mlango wa mtu mara kumi kwa siku usimjue.

Mama alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha kupakia mananasi. Akiwa kazini niliachwa kwa mama wa nyumba ya kwanza, aliyefanya kazi hapo hapo lakini zamu nyingine. Alininywesha uji, akanisuka, akanichapa nilipostahili, na mara mbili tatu nisipostahili. Alikuwa na rafiki, mama Mkikuyu wa nyumba ya nane. Kila alasiri mmoja wao alibeba kikombe chake cha chai akaenda hadi kwa mwenzake, na jua likikaribia kutua akarudi na kikombe kitupu. Nimewaona wakifanya hivyo tangu nilipoanza kuona.

Kiwanda kilipofungwa, nyumba ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo. Miaka michache baadaye wazazi wangu waliuza yao wakarudi nyumbani magharibi. Mimi nilikuwa nimeshasomea usanifu wa majengo na kufungua ofisi ya chumba kimoja Ruiru, juu ya duka la sementi na misumari. Ruiru ni mahali pazuri kwa mtu wa kazi yangu, kwa kuwa kila kona inajengwa, ila hakuna anayekuuliza jengo lake litapatana vipi na la jirani. Wanauliza litatoa vyumba vingapi. Kwa miaka kumi nilichora nyumba za kupangisha, vyoo vya makanisa na mashimo ya maji taka. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini na hapakuwa na jengo hata moja ambalo ningesimama mbele yake niseme, hili ni langu.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi. Alikuwa amenunua nyumba ya nne na ya tano, katikati kabisa ya safu yetu, na alitaka ghorofa tano na maduka chini.

"Nimeskia wewe ni mtoto wa hapo," aliniambia.

"Ndiyo."

"Sasa hao wazee watakusikiza. Mimi wakiniona wanafunga mlango."

Alieleza kwamba ofisi inayopitisha ramani ilikuwa imempa masharti mawili. Majirani wakubali kwa sahihi, na jengo jipya lifuate sura ya safu ile kwa kuwa ni ya zamani na imebaki vile ilivyojengwa.

Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia majuma matatu yaliyofuata. Nilienda Thika siku za kazi asubuhi, watu wakiwa wameondoka, nikapima veranda kwa futi. Nilipima nafasi kati ya nguzo na nguzo, kimo cha ukingo wa paa, unene wa jiwe, hata mteremko mdogo wa sakafu unaopeleka maji nje. Nilichora jengo ambalo chini lilirudi nyuma ili veranda ipite mbele yake kama ilivyopita siku zote, kwa nguzo zenye nafasi ile ile na kipaa kidogo cha vigae kikiendeleza mstari wa paa la zamani. Ghorofa za juu nilizirudisha nyuma zaidi ili anayepita barabarani aone safu kwanza, halafu ndiyo aone kwamba kuna kitu kimeinuka nyuma yake. Niliipaka rangi picha yake mwenyewe, kwa mkono. Niliweka hata mwanamke aliyebeba kikombe.

Yule mfanyabiashara, tajiri wangu sasa, aliitazama picha kwa muda mrefu. "Madam, hii ni poa sana," alisema. Kisha akafunua ramani yenyewe, ile yenye vipimo, akaweka kidole mbele ya maduka. "Hapa ni pa nani?"

"Hiyo ni veranda. Inapita."

"Inapita inaenda wapi?"

"Nyumba ya sita."

"Mimi sikununua nyumba ya sita. Hii kitu inakula duka zangu. Leta ukuta mpaka mbele."

Nilimwambia masharti ya ofisi. Nilimwambia pia kwamba wazee walitembea hapo. Alisikiliza kwa adabu, halafu akasema kama haiwezekani kuna mchoraji mwingine Juja. Hakupaza sauti. Ningependa kuandika kwamba alinitisha, lakini hakunitisha. Nilisema nitarekebisha, na nikarekebisha alasiri moja tu: mistari sita nikaifuta, minne nikaichora. Veranda iliyokuwa imepita hapo tangu kabla sijazaliwa ikaishia kwenye ukuta huku na kuanza tena kwenye ukuta kule.

"Na ile picha?" niliuliza.

"Iwache tu vile iko. Si picha ni picha."

Nikaiacha.

Mkutano wa majirani ulifanyika Jumamosi, juu ya veranda yenyewe, mbele ya nyumba ya kwanza. Walikuja watu wapatao ishirini. Wengi walikuwa wageni kwangu, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimebadilisha mikono, lakini mama wa nyumba ya kwanza, aliyenilea, alikuwapo, amepita miaka themanini, macho yake yamefifia. Rafiki yake wa nyumba ya nane alikuwa kando yake, miguu imevimba juu ya kigoda. Tangu wazazi wangu waondoke nilikuwa nimewatembelea mara mbili. Walinipokea kama niliyetoka dukani.

Mama aliomba picha. Aliileta karibu kabisa na uso, akaisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hii ndiyo veranda yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Inapita?"

"Inapita."

"Mpaka kwa huyu?" Alimgusa rafiki yake goti.

"Mpaka kwake."

Fundi mmoja mstaafu wa magari, mwenye nyumba ya saba, akanyoosha mkono. "Picha tumeona. Ramani yenyewe iko wapi?"

Ramani yenyewe ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko mrefu niliokuwa nimeubana kwapani. Nilisema bado inamaliziwa, iko Ruiru. Nilijisikia nikiyasema maneno hayo kwa sauti tulivu ya mtu wa ofisini.

Yule fundi hakuridhika. Alianza kusema kwamba mtu hatii sahihi kitu ambacho hajaona. Ndipo mama akainuka, akishika nguzo.

"Huyu nimemlea mimi," aliwaambia. "Mnanijua. Hawezi kutuletea uongo hapa."

Akatia sahihi yake kwanza, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima. Wengine wakafuata. Fundi alikuwa wa mwisho. Kwa sahihi hizo na picha ile, ofisi ikaipitisha ramani.

Ujenzi ulipoanza, mbele palizungushwa mabati, hivyo kwa miezi mingi hakuna aliyeona vizuri kinachoinuka. Watu walizunguka barabarani, wakiamini veranda ingewekwa mwishoni. Mabati yalipoanza kutolewa mama alinipigia simu.

"Hawa mafundi wamekosea," alisema. "Wameziba. Njoo uwaonyeshe vile ulichora."

"Nitawauliza, mama."

Sikuuliza. Alipopiga tena, niliitazama simu ikiita juu ya meza hadi ikanyamaza. Mara ya tatu nilikuwa na mteja, nikafurahi kuwa na sababu.

Nilirudi Thika siku ya kufungua maduka, kwa sababu tajiri alitaka tupigwe picha. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikalitazama jengo langu. Lilikuwa na vioo vya buluu na vigae vyeupe vya kung'aa, na lilikuwa limetokeza mbele ya safu ya zamani kama mtu aliyewasukuma wengine kwenye foleni. Paa la vigae vyekundu lilikatwa pande zote mbili, na penye mkato walikuwa wameziba kwa kipande cha bati.

Nilivuka barabara nikasalimia watu, na mama akaitambua sauti yangu. Alikuja akijishikilia ukutani hadi ukuta ulipoisha, akanishika mkono mbele ya watu.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Tunajua ni yeye alibadilisha. Wewe ulituchorea vizuri."

Nikamjibu, "Asante, mama."

Nimefanya mambo mengine ya aibu maishani, na baadhi yake yaliumiza watu zaidi. Lakini ni asante hiyo inayonijia nikiwa naosha vyombo, au nimesimama kwenye foleni ya benki, na hunibidi nikohoe au niseme neno lolote kwa sauti ili ipite.

Mvua za masika zilikuja. Maji ya ukuta mrefu wa jengo jipya yalimwagika juu ya bati lile na kuingia nyumba ya tatu na ya sita. Mama alijaribu kumfuata rafiki yake kwa kuzunguka barabarani, kati ya matope na malori ya viwandani. Aliteleza akaumia kifundo cha mkono. Hakuvunjika, lakini hakujaribu tena. Rafiki yake kwa miguu ile hakuweza hata kuanza. Walipigiana simu, na mama hakusikia vizuri kwa simu.

Haya yote niliambiwa na yule fundi mstaafu, aliyepanda ngazi za ofisi yangu Ruiru siku moja saa nne asubuhi. Hakuketi. Aliweka mezani nakala ya ramani aliyoipata katika ofisi ile inayozipitisha.

"Angalia tarehe," alisema. "Hii ilikuwa tayari kabla ya mkutano. Ulikuwa nayo."

Niliiangalia tarehe.

"Yule mama bado anakutetea. Mtu akisema vibaya juu yako wanakosana. Sijamwambia. Nimekuja nikuambie wewe umwambie. Ukikaa sana, nitamwambia mimi."

Nilikaa siku nyingine tisa. Nilienda Jumapili, baada ya kanisa. Nilimkuta amekaa mlangoni akichambua mboga ya mrenda, majani kwenye ungo, vijiti chini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kutoka Ruiru, lakini yote yalinitoka, nikasema tu kwamba si tajiri aliyeidanganya safu. Kwamba nilijua tangu kabla ya mkutano kuwa veranda haitapita, kwa sababu ni mimi niliyeikata kwa mkono wangu, na picha ile niliileta nikijua.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Vidole vyake havikuhitaji macho.

"Siku ile ulikuwa na mfuko mrefu hapa," alisema, akijigusa kwapani. "Ndani kulikuwa na nini?"

"Ramani, mama."

"Ya hii?" Aligeuza kichwa kidogo kuelekea jengo.

"Ya hii."

Akatoa vijiti viwili vitatu. "Nilisimama nikaambia watu wewe huwezi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo mimi ndiye niliwadanganya."

Nilianza kusema hapana, si wewe, ni mimi, akaniinulia kiganja nikanyamaza. Kisha akaniambia niende. Hakunifukuza. Alisema, "Nenda sasa. Sina chai ya leo," na birika lilikuwa likichemka nyuma yake, sote wawili tukilisikia.

Baada ya majuma mawili fundi alinipigia. Wakaazi wangekutana, na mama ametaka nije na barua ya kupelekwa kwa ofisi ya ramani. Niliiandika mara nyingi. Nilivaa vizuri. Nikasimama mahali pale pale pa mkutano wa kwanza, nikampa fundi barua, akaisoma kwa sauti kwa sababu mama hakuweza kuisoma. Nilikuwa nimeandika kwamba kulitokea upungufu wa mawasiliano kati ya msanifu na wakaazi, na kwamba picha iliyoonyeshwa haikulingana na ramani ya mwisho.

"Simama hapo," mama alisema. "Hiyo upungufu ni nini?"

Fundi alinitazama, kwa hiyo nilijibu mwenyewe. "Ni kwamba hatukuelewana."

"Mimi nilikuelewa. Nilikuuliza inapita, ukasema inapita. Weka nilidanganya."

Nilitoa kalamu. Hapakuwa na meza, nikaandikia juu ya paja, na kalamu ilitoboa karatasi. Nilikata sentensi mbili nikaandika: nilidanganya. Mama akataka niisome mwenyewe, yote, kuanzia juu. Niliisoma. Sauti yangu ilifika kwenye neno lile ikapungua, na mtu mmoja nyuma akasema hawajasikia. Nikalirudia.

Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na huenda nilikuwa nikiyatamani. Mwanamke mmoja aliyenunua nyumba ya tatu, nyumba tuliyoishi sisi, alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Aliniuliza taratibu, kama anayetaka kujua kweli, "Sisi tulikukosea nini?"

Nilisema hawakunikosea. Nilisema nilitaka kuwa na jengo kubwa.

Alitikisa kichwa. Mtoto akalia, akaenda kumbembeleza upande wa kivuli.

Barua ilipelekwa. Mkaguzi alikuja, akapima, akaandika. Tajiri alinipigia simu mara moja tu kuniambia nimejiharibia jina, na baada ya hapo hakunipa kazi wala hakunisalimia tulipokutana mjini. Wakubwa wa taaluma yetu waliniita, wakanionya kwa maandishi, na kwa muda mrefu wateja walikuwa wachache. Haya sikuyalalamikia. Niliyaona mepesi.

Baada ya mvutano mrefu tajiri aliamriwa afungue njia. Alilikata duka moja pembeni akapitisha kijia cha saruji. Ni chembamba, mtu mwenye karai lazima ageuke ubavu, na kinanuka mafuta ya duka la chipsi lililo kando. Kina taa moja. Ni njia, hata hivyo, na ukiwa nyumba ya kwanza sasa unaweza kufika ya nane bila kukanyaga barabara.

Lakini kilipofunguliwa, nyumba ya nane ilikuwa imefungwa. Katika ile miezi ya mvua rafiki yake mama alikaa siku mbili na homa bila mtu kujua, kwa kuwa aliyekuwa akimwona kila alasiri hakuweza tena kufika. Binti yake alikuja akamchukua, akampeleka kwake Gatuanyaga, kule kwenye vumbi na mbuzi, mbali na kila aliyemjua. Miaka yote ile waliyozoeana ilitenganishwa na mistari minne niliyoichora alasiri moja, na kijia cha chipsi hakikuweza kuirudisha.

Nilijitolea kumpeleka mama kumwona kwa gari langu. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili hakujibu. Mara ya tatu alisema, "Utanipeleka. Lakini usiniletee maneno ya nyumba njiani." Tangu hapo tunaenda mara moja kwa mwezi, kukiwa kukavu. Yeye hukaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Nikimwuliza kama dirisha lifungwe, hujibu ndiyo au hapana. Ana adabu kwangu, adabu ile anayompa mtu wa posta.

Kazini siku hizi sionyeshi picha. Mtu akitaka kujenga penye nyumba za zamani naenda kwa majirani na ramani yenye vipimo, naikunjua chini, naweka mawe kwenye pembe, nawaonyesha kwa kidole ukuta utafika wapi na maji yatatokea wapi. Nimepoteza kazi mbili kwa sababu hiyo. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nilipaswa kuwa nikifanya hivyo tangu mwanzo, kama mpishi anavyopaswa kunawa mikono.

Mwezi uliopita tulifika Gatuanyaga mchana. Nilimshika mama mkono hadi mlangoni, kisha nikarudi kukaa nje, kama kawaida. Rafiki yake siku hizi haoni mbali na husahau. Nilimsikia akiuliza kutoka ndani, "Na ni nani amekuleta?"

"Ni mwenye gari," mama alisema.

Wakaanza kuulizana habari za miguu, na mvua, na kama maharagwe yameota. Nilisogeza gari upande wenye kivuli, nikangoja.